CG125 ya kitabu: wiki ya tano, skrubu imetoka

Leo saa tatu usiku ile skrubu ya bakuli la kabureta (kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini) imetoka, imenikalisha siku nne lakini imetoka na uzi wake mzima.

Kwa ambao hamkuona za mwanzo, hii ni Honda CG125 niliyoitoa Chanika kwa mzee mmoja bwana shamba mstaafu, kadi ipo, tanki limeshika kutu ndani na injini haijawaka zaidi ya miaka kumi. Na mimi sikukulia kwenye pikipiki kabisa, mjomba alivunjika mguu na bodaboda na toka siku hiyo nyumbani kwetu pikipiki ikawa kitu cha kukatazwa, hata kupakiwa tu mama hataki.

Kilichonibadilisha ni kitabu. Nilikiokota Posta kwa wale wanaopanga vitabu vya mtumba chini, Zen and the Art of Motorcycle Maintenance cha Robert Pirsig, karatasi za njano zinanukia stoo. Kilitoka 1974 baada ya kukataliwa na wachapishaji 121. Jamaa anavuka Marekani na mtoto wake Chris kwenye Honda ya 305cc, na falsafa humo ni nzito kwa kweli, kuna kurasa nimezirudia mara tatu. Ila kilichonishika sio safari, ni vile anavyoisikiliza injini, anasimama anagusa plagi anafikiri. Kuna mahali anaongelea skrubu ya kava imegoma na kichwa kimelika, anasema hapo skrubu moja thamani yake inakuwa sawa na pikipiki nzima, maana bila hiyo huendi popote. Nilikuwa kwenye daladala, nikapitiliza Mtoni kwa Aziz Ally.

Baada ya hapo nikawa nakaa kijiweni na bodaboda wa mtaani nasikiliza tu, huyu cheni imelegea, yule valvu zinagonga (milango ya kuingiza mafuta na kutoa moshi kwenye injini). Nikaipenda pikipiki kabla sijajua kuiendesha!

CG nimeichagua kwa sababu Honda waliitoa 1976 kwa ajili ya nchi kama zetu, idumu hata kwa huduma haba, valvu zinasukumwa na fito badala ya kutumia cheni inayopanda juu ya injini. Wachina wakaiga injini hiyo kwenye bodaboda nyingi, ndo maana spea zake Kariakoo hazisumbui sana.

Sasa ile skrubu. Fundi wa jirani alikuja na patasi na nyundo akaniambia mdogo wangu lete hapa dakika moja tu, nikamwambia kaka hapana, bodi ya kabureta ni laini ikipasuka ndo basi tena. Akaniona mbishi. Mwezi wa kwanza wa kazi hii ningempa, nasema kweli, lakini nilishasoma kwamba ukikwama hapo ndo pa kutulia uangalie upya. Nikailoweka dizeli siku tatu, leo nikachonga mfereji kwenye kichwa chake kwa msumeno wa chuma taratibu sana, nikamwagia maji ya moto, nikakaza kidogo kwanza ndo nikalegeza, tena maji, tena bisibisi, mara ya sita au ya saba ikalia kak.

Ndani petroli ya zamani imeganda kama gundi ya kahawia, jeti ndogo, kile kipande chenye tundu la kupitisha petroli, imeziba kabisa. Nimeizibua kwa unyuzi mmoja wa waya wa umeme, wa shaba, msitumie sindano jamani inapanua tundu na hapo silensa, yaani mngurumo wa injini ukiwa hujavuta mafuta, haitulii tena.

Kesho valvu, naziwekea nafasi ya 0.08 mm injini ikiwa baridi, halafu nianze kuhangaika na tanki.

Wakati nainyanyua jeti kwenye taa nione kama inapitisha mwanga mama akatoka nje na kanga yake kichwani, akasogea akaangalia na yeye, akauliza ndo katundu haka kanapitisha mafuta? Nikamwambia ndo haka mama. Akaenda ndani akaleta kikombe cha chai kisicho na mkono, akasema weka humu mwanangu isije ikapotea.