Uzito wa mshale kwa mnyama mkubwa

Jumamosi asubuhi, nje kidogo ya Lubumbashi kwenye barabara ya Kipushi, nilipiga mishale miwili kwa upinde uleule, nikiwa hatua 20 kutoka kwenye gunia lililoshindiliwa matambara. Mshale wa gramu 26 ulifika upesi lakini ukazama kiasi cha kiganja tu; ule wa gramu 42, uliotoka kwa mwendo mdogo na bila kishindo kikubwa, ulizama hadi karibu na manyoya. Mjomba, aliyenifundisha kushika upinde, aliuchomoa kwa mikono miwili akasema, "Huu ndio wa pofu," yaani yule swala mkubwa.

Nimesadiki sasa kwamba kwa mnyama mwenye mbavu nene, awe pofu au nyati, kasi peke yake haitoshi, kwa kuwa mshale mwepesi hupungua nguvu mara unapokutana na mfupa, ilhali mzito huendelea kupenya. Kweli, mzito huinama mapema angani, hivyo ni lazima kumnyemelea mnyama kwa karibu. Nami nakubali, kwani mnyama kukimbia na jeraha huniumiza sana. Gramu nyingi nilizoongeza nimeziweka mbele, kwenye chembe, yaani kichwa cha mshale.