Joy ya zamani: hunukia au hunuka?

Asumini hunukia, samaki aliyelala hunuka. Kiswahili kimeweka mpaka hapo, na manukato ya Joy ya Jean Patou, mbunifu wa mavazi wa Ufaransa, yanakaa juu ya mpaka wenyewe. Chupa ya zamani ikitolewa sandukuni siku ya kumpamba bibi arusi, katika mitaa ya Mkomani au Langoni huku Lamu, wanawake wa makamo huvuta pumzi ndefu wakasema hiyo ni asumini ya usiku. Mabinti wao huziba pua: yanuka vidonge vyeupe vya kuwekea nguo, yanuka bibi kizee, na wapo wanaotaja choo bila haya. Harufu zote hizo zimo kweli ndani ya chupa. Hata hivyo naona wengi wanaoikataa Joy wamekutana nayo ikiwa imeharibika, au imepakwa kama maji ya waridi, na hilo ni jambo la kusikitisha, kwa sababu manukato ya maua yaliyotengenezwa kwa ukarimu namna hii ni machache sana.

Joy ilitolewa Paris mwaka 1930, mara baada ya soko la hisa la Marekani kuanguka mwaka 1929. Mtengenezaji wake ni Henri Alméras. Badala ya kubana matumizi, Patou alichagua maua mawili ya bei kubwa kuliko yote, asumini na waridi, akayamimina bila huruma. Nyumba ya Patou ilitangaza kwamba aunsi moja ya Joy, kama mililita 30, inabeba asumini 10,600 na dazeni 28 za mawaridi, yaani 336. Hesabu hiyo si ya kutia chumvi tu. Maua 8,000 hadi 10,000 ya asumini hufanya kilo moja, na kilo moja hutoa takriban gramu moja na nusu ya kiini. Kwa hiyo zile 10,600 ni pungufu kidogo ya gramu mbili za kiini katika kichupa kidogo. Manukato mengi ya dukani leo hayafiki hata karibu.

Asumini ya Joy ni ya Grasse, kusini mwa Ufaransa. Si ile iliyo nyuani kwetu, lakini ni ndugu zake, na zote mbili zina kitu kiitwacho indoli. Hapo ndipo ugomvi ulipo. Indoli ikiwa nyingi hunuka kinyesi na vidonge vya kabatini. Ikiwa chache huipa asumini ule uzito wake wa usiku, ule usiopatikana kwenye asumini ya sabuni. Aliyewahi kulala na asumini kichwani anaijua: vikonyo huchumwa alasiri vikiwa vimefumba, hufunguka usiku kwenye nywele, na asubuhi maua juu ya mto yamekuwa ya hudhurungi, harufu yake imekuwa nzito, tamu, karibu kuoza. Joy inaanzia jioni ile na kuishia kwenye mto ule. Aliyezoea asumini ya chupa za plastiki, ambayo indoli imepunguzwa au haimo kabisa, hana pa kuiweka harufu hiyo.

Chini ya maua, Joy ya zamani ina zabadi. Wazee wa pwani hawahitaji kuelezwa zabadi ni nini, maana ilikuwa bidhaa ya majahazi: utomvu wa tezi za mnyama aitwaye fungo, uliosafirishwa kutoka Ethiopia ukiwa umejazwa kwenye pembe za ng'ombe. Ikiwa mbichi haivumiliki. Ikizimuliwa mpaka iwe chembe, huyashika maua kwenye ngozi na kuyapa joto la mwili. Kipimo ndicho kinachogeuza kunuka kuwa kunukia, na kila kosa ninalolieleza hapa chini ni kosa la kuharibu kipimo hicho.

Kwanza jua chupa gani uliyo nayo. Iliyoandikwa Parfum ndiyo Joy yenyewe: asumini mbele, nzito, hukaa karibu na ngozi. Eau de Toilette ni nyepesi na hutangulia mtu mlangoni. Eau de Parfum, ambayo toleo lake la mwanzo liliitwa Eau de Joy, ina waridi zaidi na wembamba fulani wa sabuni. Watu wawili wanaweza kubishana mchana kutwa juu ya Joy, mmoja akiwa na hii na mwenzake ile. Halafu iko Joy ya Dior ya mwaka 2018, iliyotoka baada ya kampuni ya LVMH, inayomiliki Dior, kununua nyumba ya Patou na Joy ya zamani kuacha kutengenezwa. Hiyo ni manukato mengine kabisa yenye jina lile lile. Ukiletewa zawadi kutoka Ghuba, soma jina la nyumba kabla ya jina la manukato.

Chupa ya kioo cheupe itazame kwenye mwanga. Rangi ya asali si kasoro, kwani indoli huipa asumini wekundu kadiri miaka inavyokwenda. Rangi ya kahawa nzito ni dalili mbaya. Kiasi kikiwa chini ya nusu, hewa imekuwa ndani muda mrefu na manukato yameungua taratibu. Kichupa cheusi chenye kifuniko chekundu hakikuonyeshi chochote, basi dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe ndipo uione rangi.

Vifuniko vya kioo vilivyosagwa huganda, na chupa nyingi hufa hapa mikononi mwa mtu mwenye haraka. Usikizungushe kwa nguvu, shingo itakatika. Tia tone moja la spiriti safi kwenye mzunguko ambapo kifuniko kinakutana na shingo, uache kama dakika kumi. Utando uliokauka humo ni utomvu wa manukato yenyewe, na spiriti huulainisha. Kisha funga shingo peke yake kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu, nusu dakika tu, ili shingo itanuke kabla kifuniko hakijapata joto. Gonga kifuniko kwa mwiko wa mbao, upande huu na upande wa pili, polepole sana, kisha kivute wima. Kikikataa, rudia kesho.

Ukiifungua, usiinuse mdomo wa chupa. Mvuke wa miaka 40 umekaa pale, na ndio unaowafanya mabinti wakimbie. Paka tone kwenye karatasi na uiache. Dakika tano za mwanzo zinaweza kunuka dawa ya kufutia rangi ya kucha, kwa sababu harufu nyepesi za juu ndizo zinazoharibika kwanza. Usihukumu bado. Dakika ya kumi na tano waridi na asumini zinapaswa kuwa zimesimama. Siki, mafuta ya nazi yaliyochacha au moshi wa plastiki vikiwa bado vipo baada ya nusu saa, chupa hiyo imekwisha, na anayesema yanuka anasema kweli. Ikiwa nzuri, ndipo uipake ndani ya kiwiko na uisubiri saa nne. Zabadi hutokea saa ya pili, na kwenye ngozi hutulia kuliko kwenye karatasi.

Kwa hewa ya Lamu, ya Parfum matone mawili yanatosha. Nyuzi joto 31 huyarusha manukato kwa kasi, na kilichokusudiwa kutoka kwa saa sita hutoka kwa saa mbili, indoli ikipiga kelele juu ya yote. Msimu wa kaskazi, Januari na Februari, punguza liwe moja. Kusi ikivuma Juni mpaka Agosti unaweza kufika matatu. Weka chini ya nywele au kifuani ndani ya nguo. Shingo iliyo wazi iache ikiwa utatoka juani, kwa sababu manukato ya zamani mengi yalitiwa bergamoti, mafuta ya tunda jamii ya ndimu, ambayo hayakusafishwa kama yanavyosafishwa siku hizi, nayo yakipigwa na jua huacha madoa meusi yanayokaa miezi. Hariri na leso nyeupe pia ziepushwe, asumini iliyoiva huacha doa la manjano lisilotoka.

Na udi? Hapa watu hukosea mpangilio. Fukiza nguo kwanza, chetezo kiondoke chumbani, nguo zipoe, ndipo upake Joy mwilini. Manukato haya ni spiriti kwa sehemu kubwa, na spiriti karibu na kaa la moto huwaka. Udi mkavu wa kipande huchukuana na Joy vizuri sana, utadhani zabadi ilikuwa ikiungojea. Udi wa sukari huifunika. Kikuba kibichi chenye mkadi, rehani na langilangi kisivaliwe siku hiyo hiyo. Vyote viwili vinataka kifua kimoja, na kikuba kitashinda.

Kuhusu kuhifadhi, kipimo kizuri ni Osmothèque ya Versailles, hazina ya manukato iliyofunguliwa mwaka 1990, ambako mwanzilishi wake, Jean Kerléo, alikuwa mtengenezaji wa manukato wa Patou. Huko chupa hukaa gizani kwenye nyuzi 12, na juu ya manukato huwekwa gesi ya agoni ili hewa isiguse. Nyumbani hatuna agoni, lakini nyumba ya mawe yenye kuta nene ina chumba cha ndani kisichoona jua, na kisanduku cha kitambaa ndani ya kasha humo ni bora mara nyingi kuliko meza ya kujipambia iliyo dirishani, au ghorofa iliyo chini ya mabati. Zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, zinafaa ikiwa chupa imo ndani ya boksi lake. Friji inafaa pia, ila unyevu hula karatasi ya jina, kwa hiyo ifunge ndani ya mfuko.

Chupa kubwa ikishuka nusu, hamishia yaliyobaki kwenye vichupa vya kioo cheusi vya mililita 5 kwa kidondoshi cha kioo, si cha mpira. Jaza mpaka shingoni, zungushia kifuniko utepe mweupe wa fundi bomba mara tatu, andika tarehe, na fungua kimoja kwa wakati.