Qamus ndani ya friza

Mwaka ule masika yalikuwa makali na nyumba ya ami yangu pale Malindi, Mji Mkongwe wa Unguja, ikaanza kuvuja chumba cha juu, basi akanipigia simu niende nikamsaidie kuteremsha kasha lake la njumu maana lilishaanza kuloa. Mie nikijua mna mashuka na hati za nyumba tu, kumbe chini kabisa mna kitabu cha Kiarabu kimefungwa kwa kanga kuukuu, kizito, jalada la mbele hamna, mgongo wa ngozi umepasuka mpaka nyuzi za mshono zinaonekana.

Ami akasema kiliachwa na jirani alohamia Maskati baada ya Mapinduzi ya 1964, akaambiwa akitunze, na kweli alikitunza ila kwa namna yake, yaani kila ukurasa ukichanika yeye anabandika selotepu. Loh! Plastiki ilishabanduka zamani lakini gundi imebaki ndani ya karatasi, imeacha michirizi ya kahawia juu ya maandishi, na kurasa nyingine zimegandana hasa. Vidudu walikula pia, ila kwa nilivyoona mie hawakufikia uharibifu wa ile selotepu.

Ukurasa wa mwisho ndo ulotwambia tumeshika nini. Vitabu vya Kiarabu vya zamani habari za uchapaji mara nyingi huwekwa mwishoni, ami akasoma polepole na miwani yake: juzuu ya Qamus al-Sharia ya Sheikh Jumayyil bin Khamis al-Saadi, imechapwa Zanzibar hapahapa, al-Matbaa al-Sultaniyya, yaani kiwanda cha uchapaji cha Sultani Seyyid Barghash. Mwaka sasa. Moja, mbili, tisa, halafu tundu! Mdudu katoboa palepale kwenye tarakimu ya mwisho, kitundu duara cha kichwa cha pini, ukiinua ukurasa kwenye mwanga unaona kinaendelea kurasa za nyuma. Lakini Qamus ilianza kuchapwa Unguja 1297 Hijria, ndo kama 1880, kwahivo ni 97, 98 au 99, basi. Ni kitabu kikubwa cha fiqhi, yaani sheria ya dini, ya madhehebu ya Kiibadhi, juzuu 90 nzima, na kazi ya kuchapa hapa Unguja haikufika mwisho, sasa ukikuta hata juzuu moja imenusurika kwenye hewa yetu hii ya chumvi na unyevu si jambo dogo.

Ami akataka tukipeleke steshenari kikapigwe laminesheni. Nikamwomba asubiri, nikamwita dada mmoja rafiki yangu anayefanya kazi ya kuhifadhi nyaraka. Alipokuja wala hakukishika kwanza, alikilaza juu ya mto, akapinda ncha ya ukurasa mmoja ulolegea, ikakatika kama bisi. Karatasi nyingi za zama zile zina asidi, akasema, zinajila zenyewe kuanzia pembeni, ndo maana katikati bado pana weupe. Laminesheni akaikataa katakata, selotepu akasema tusiibandue maana itang'oka na wino. Akatimua vumbi kwa brashi laini, halafu akatikisa kitabu kidogo ukamwagika unga mweupe, "Ami, wadudu bado wazima humu, kitie friza wafe."

Hapo ndo kasheshe. Friza ni ya mkewe ami, anauzia watoto wa mtaa barafu za ukwaju, na siku ile mlikuwa na pweza. Ami anasema kitabu cha dini hakikai na pweza, Bi anasema barafu zake hazihami kwa ajili ya kitabu, na mie katikati nasuluhisha. Mwisho pweza akapikwa usiku uleule (wa nazi, nilikula) na Qamus ikafungwa mifuko miwili ya nailoni, hewa ikaminywa ikatoka, ikaingia friza wiki mbili huku tukiomba umeme usikatike. Kukitoa pia kuna adabu yake, hufungui mfuko mpaka kitabu kiishe baridi kabisa, ama sivyo majimaji yanakaa juu ya karatasi badala ya juu ya nailoni.

Sasa kimelazwa kwenye boksi la kadibodi, chumba cha chini kisichovuja. Binamu mmoja wa Maskati alisikia, akapiga simu anataka kukinunua. Ami akamuuliza Oman si walishakichapa upya miaka ya 1980? Akajibiwa ndiyo. "Basi soma hicho, chenu kinafunguka."