Chombo kilichokwama Mkanda

Binti wa dada yangu ameanza kujifunza Java, lugha ya kuandikia programu, jana kanitumia voisinoti: "Mjomba, hizi enamu za nini na mimi naweza kuandika neno tu?" Enamu ni orodha ya majina unayoyaruhusu tu, jina la nje ya orodha halikubaliki. Nikacheka peke yangu, nilimkumbuka nahodha mmoja wa pale jeti ya Lamu.

Ni enzi za ile kazi ya boti za Pate. Kodi, yaani maandishi ya programu ya kufuatilia safari zake, nilirithi kwa jamaa aliyeacha kazi, hali ya safari kaiandika kwa maneno matupu, mara "imefika", mara "Imefika", kwengine "imefka", na kompyuta kwake hizo ni hali tatu mbalimbali, wala hailalamiki, ripoti tu ndo haziingiliani. Nikafagia zote nikaweka enamu: INAPAKIA, IMEONDOKA, IMEFIKA, IMEGHAIRIWA. Ukikosea herufi moja kompaila, ile inayokagua kodi kabla haijaendeshwa, inagoma hapo hapo. (Java yenyewe ilikaa bila enamu mpaka 2004, watu walikuwa wanaandika 0, 1, 2, sasa kumbuka wewe 2 ni nini saa nane za usiku.)

Basi nahodha akaja mezani, miwani imefungwa uzi sikio moja, akawa anasoma skrini kwa kidole, kidole kinaacha alama ya mafuta kwenye kioo. Akafika chini, akarudi juu, akashuka tena.

"Na kilichokwama Mkanda je?"

"Hicho kimeondoka, ami."

"Kimeondoka ni kile kinachokwenda, mwanangu. Hiki kimekaa mchangani, maji yamekupwa, watu wanatafuna korosho wanangoja yajae. Ukimwambia mtu wa Mtangawanda kule Pate chombo kimeondoka, si atakaa juani mpaka jioni?"

Aliyepita ule mkondo wa Mkanda anaujua, maji yakikupwa hasa siku za bamvua hupiti, hata uwe na injini ya namna gani.

Nikaongeza INANGOJA_MAJI. Na hapa ndo utamu wa enamu, zile switchi (vipande vya kodi vinavyochagua jibu kwa kila hali) nilizoandika kwa mtindo wa Java 14 wa kurudisha jibu, zote zikawa nyekundu, ya SMS, ya ripoti, ya tiketi, kila moja inataka kuambiwa hali hii mpya ifanywe nini, sikuhitaji kuzitafuta.

Mzee hajaondoka bado. "Na kikikwama, na injini nayo imekufa?"

Hali mbili kwa mpigo, na enamu yangu inashika moja. Nikaongeza NYINGINEYO ili tukanywe chai, na mpaka leo ukichungulia data ndiyo inayotumika kuliko zote.