Siku moja maishani mwangu: diwani wa kata, siku bati zilipofika

Saa 11 alfajiri simu ya kwanza inaita. Ni mwenyekiti wa kitongoji: kituo cha maji hakitoi kitu na akina mama wameshapanga ndoo. Kata yetu ni ya vijijini, na huku maji yakikatika anayepigiwa ni diwani. Mradi wenyewe ni kisima kirefu chenye pampu ya kuzamisha inayoendeshwa kwa sola, tenki juu ya mnara, na vituo vya kuchotea. Unaendeshwa na chombo cha watumia maji cha jamii chini ya RUWASA, wakala wa maji vijijini Tanzania ulioundwa kwa sheria ya maji ya mwaka 2019. Diwani hashiki ufunguo wa koki hata moja. Lakini anatakiwa ajue kipi kinaulizwa kwanza, maana fundi akiitwa kutoka wilayani kwa jambo la koki, siku nzima imekwenda na nauli yake inatoka kwenye fedha za maji.

Kwanza tenki. Ligonge ubavuni kuanzia chini kupanda juu. Pale mlio unapobadilika ndipo maji yalipoishia. Kama maji yamo, pampu haina kosa: ama valvu ya kutokea imefungwa, ama bomba limepasuka njiani, na hapo unafuata mstari wa bomba ukitafuta tope. Kama tenki ni tupu ilhali jana jua liliwaka vizuri, nenda kwenye kisanduku cha kudhibiti pampu usome taa. Taa ya ukavu ikiwaka maana yake maji yameshuka kisimani na pampu imejizima yenyewe. Iache. Kinachoua pampu nyingi vijijini ni mtu kuchoka kusubiri, akaunganisha waya za kihisi cha kina ili pampu isijizime. Inazunguka pakavu, mota inaungua, na kuitoa ni kuvuta bomba lote kutoka chini na kununua mota mpya kwa fedha zilizokusanywa shilingi 50 kwa ndoo ya lita 20. Hesabu ni rahisi: lita 1,000 zinaleta shilingi 2,500 tu, na humo alipwe mlinzi na mkusanya fedha. Kila ndoo inayochotwa bila kulipiwa inapunguza akiba ya mota.

Leo ilikuwa valvu. Ilifungwa jioni, haikufunguliwa.

Saa 1 asubuhi watu wako barazani. Mmoja anataka barua ya utambulisho, na hiyo ni kazi ya mtendaji wa kijiji. Wawili wana mgogoro wa mpaka wa shamba; wanaenda baraza la ardhi la kata, ambalo tangu sheria irekebishwe mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha, haliamui tena nani mwenye haki. Mama mmoja ana mtoto wodini na hana nauli. Hilo halina ofisi, linatoka mfukoni. Diwani hana mshahara. Analipwa posho ya mwezi na posho za vikao, na kila anayemwita Mheshimiwa anadhani amebeba fungu la serikali.

Saa 3 niko ofisi ya kata na mtendaji wa kata, ambaye ndiye katibu wa Kamati ya Maendeleo ya Kata. Mwenyekiti ni mimi kwa nafasi yangu. Tunapanga ajenda na kusoma mihtasari ya vijiji. Juu ya meza kuna ombi la kijiji kimoja: madarasa mawili, yaanze mwaka huu. Ombi ni la haki, watoto wanasoma kwa kupokezana. Lakini limekuja wakati bajeti imeshapita mikononi mwetu. Kijiji kinaibua miradi yake kwa utaratibu wa Fursa na Vikwazo, yaani wananchi wenyewe wanataja walicho nacho na kinachowakwamisha, kati ya Oktoba na Novemba. Kamati ya kata inaipanga kwa vipaumbele. Baraza la Madiwani linapitisha Januari au Februari. Inakwenda mkoani, kisha Bungeni. Julai 1 mwaka wa fedha unaanza. Darasa lililoombwa Mei linaingia kwenye mpango wa Oktoba, na likipata bahati fedha zake zinaonekana baada ya Julai ya mwaka unaofuata. Na Oktoba ndio mwezi wa kuandaa mashamba, mkutano wa kijiji unajaa nusu. Hapo ndipo kata nyingi zinapopoteza miradi. Siasa huwa inalaumiwa, wakati mradi haukuandikwa ulipotakiwa kuandikwa.

Mwananchi mmoja aliyekaa hadi mwisho wa mkutano wa Oktoba ana nguvu kuliko kumi wanaonisimamisha njiani mwezi Mei. Hili nalisema kila mahali, na nitaendelea kulisema.

Saa 5 kasoro lori la bati linafika kwenye zahanati.

Jengo hili wananchi walilianza wenyewe. Walifyatua tofali, wakachimba msingi, wakapandisha kuta hadi lenta. Ndiyo desturi ya nchi: wananchi wanafikisha boma kwenye lenta, serikali inamalizia. Fedha za kumalizia boma la zahanati zimekuwa zikija shilingi milioni 50, na humo mna kenchi, bati, plasta, sakafu, dari, milango, madirisha, umeme, mfumo wa maji, vyoo, shimo la kondo na kichomea taka. Bila hivyo viwili vya mwisho, mama hawezi kujifungulia hapo hata jengo ling'ae vipi. Kwa hiyo hakuna kitu cha kununua mara mbili.

Kazi inaendeshwa na kamati za wananchi: ya ujenzi, ya manunuzi, ya mapokezi. Mimi si mjumbe wa hata moja, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Kamati ya mapokezi ni mkulima, fundi cherehani na mwalimu. LPO, yaani hati ya oda aliyopewa muuzaji, imeandika: bati geji 28, migongo mipana, urefu mita 3. Dereva anataka sahihi, ashushe, aondoke.

Fundi cherehani akaomba funda la bati lifunguliwe. Dereva akasema, "Mama, mzigo umefungwa kiwandani huu, utaharibika rangi." Likafunguliwa. Bati za juu zimepigwa mhuri wa geji 28. Za katikati hazisomeki vizuri. Za chini zimeandikwa geji 30.

Kwa asiyejua: kwenye bati, namba ikiwa kubwa bati ni jembamba. Geji 30 inafaa banda. Kwenye jengo ambalo papi zimepigwa kwa nafasi ya geji 28, bati jembamba linabonyea fundi akilikanyaga, tundu la msumari linapanuka, upepo wa masika unalinyanyua kidogo kidogo, na mvua inaingia. Chumba cha kwanza kuumia ni stoo ya dawa, maana maboksi yakilowa dawa hazitumiki. Na bei ya geji 28 iko juu. Ukipokea geji 30 kwa bei hiyo, tofauti imebaki kwa mtu.

Ukaguzi wa kweli una hatua zake, na kila kamati ya mapokezi nchini ingefaa izijue. Fungua kila funda, usitazame la juu tu, maana bati nzuri huwekwa juu. Soma mhuri wa kila bati: geji, urefu, jina la kiwanda, alama ya TBS, shirika la viwango. Palipofutika, pima unene kwa mikromita, gereji nyingi wanayo. Pima pembeni na katikati, na kumbuka rangi inaongeza unene. Kama hakuna mikromita, chukua bati mbili za urefu na upana mmoja uzipime kwenye mizani ya mazao. Jembamba litakuwa jepesi na tofauti inaonekana. Pima urefu kwa futi kamba, wengine wanakata sentimita kadhaa. Kisha hesabu, na kofia za paa zihesabiwe peke yake.

Tukaanza. Jua la saa 6 juu ya bati jipya linachoma macho. Muuzaji akapiga simu kwa mwalimu: tofauti ni ndogo, hata sisi wauzaji hatuioni. Akapiga tena: sainini leo, zile mbovu nitazibadilisha wiki ijayo. Hapa ndipo kamati nyingi zinapoangukia. Sahihi ikishawekwa kwamba mzigo umepokelewa kamili, muuzaji amepata haki ya kulipwa kamili, na ahadi ya simu haina karatasi. Mwalimu akakataa. Saa 7 ikaingia simu nyingine, kutoka ofisi moja ya wilayani: mwaka wa fedha unafungwa Juni 30, fedha zisipotumika zitaleta maswali, pokeeni kazi iendelee.

Hofu ile naijua kwenye nyuso za watu. Mkulima hataki kugombana na ofisi. Mwalimu ni mtumishi, anaweza kuhamishwa. Kazi ya diwani kwenye saa kama hizo ni moja: kusimama pale pale hadi mwisho, ili wakikataa wasikatae peke yao. Sikuwa na mamlaka ya kuamuru bati zirudi. Nilikuwa na mamlaka ya kuuliza, mbele ya watu, LPO imeandika nini, na kumkumbusha aliyepiga simu kwamba swali hilo hilo nitalipeleka kwenye Baraza la Madiwani likiwa na picha.

Dereva alikuwa hajala. Kijana wa watu, mzigo si wake, yeye ametumwa. Mama lishe wa jirani akamletea ugali na maharage, na baada ya hapo hata mazungumzo yakawa mepesi. Tukatoa bati moja moja, watu wawili wakibeba, mmoja akisoma mhuri kwa sauti, mwalimu akiandika. Mahali tulipobishana tulipima. Hesabu ikakosewa katikati, tukarudia lile funda lote.

Ilipofika alasiri kamati ikafanya inavyotakiwa: ikapokea bati zilizolingana na LPO tu, ikaandika kwenye hati ya mzigo idadi iliyopokelewa, idadi iliyokataliwa na sababu ya kukataliwa, wajumbe wote watatu wakasaini, dereva naye akasaini, kila nakala ikapigwa picha kwa simu kabla haijaondoka. Malipo yatafuata idadi iliyopokelewa. Zilizobaki zikapanda lori kurudi. Fundi wa kenchi ataanza upande mmoja wa paa wakati zingine zinasubiriwa. Si nzuri, lakini ni heri hivyo. Nawavulia kofia watu wale watatu. Hawalipwi chochote cha maana kwa kazi ile.

Jua limeshapinda. Njiani kurudi kuna barabara iliyokatika tangu masika na wazee wamekaa hapo wakinisubiri. "Shikamooni wazee." "Marahaba. Mheshimiwa, greda linakuja lini?" Barabara hizi ziko TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu mwaka 2017, halmashauri yetu haina tena greda wala fungu lake. Ninachoweza ni kuipeleka kwenye mpango wao wa matengenezo ikiwa na vipimo, maana "barabara mbovu" haiingii kwenye bajeti. Tukapima kwa hatua urefu wa kipande kilichokatika, tukaandika mahali kalavati lilipoziba. Hata greda likija, changarawe bila mitaro ni fedha iliyomwagwa: maji yasipopewa njia pembeni yanajichimbia katikati, na msimu unaofuata mko pale pale. Mitaro iliyopo inaweza kuzibuliwa na kitongoji kwa jembe, bila kumsubiri mtu yeyote, na mzee mmoja akakubali kuisimamia.

Kikundi cha akina mama kilikuwa bado ofisini kwa afisa maendeleo ya jamii. Wanaomba mkopo wa asilimia 10, ule usio na riba unaotengwa na halmashauri kutoka mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ulisitishwa mwaka 2023 ukarudishwa 2024, na katikati hapo vikundi vingi vilikufa. Ombi lao lilikuwa na katiba, muhtasari, namba za NIDA na akaunti ya benki. Andiko la mradi ndilo dhaifu: wameandika kufuga kuku bila gharama ya chakula cha kuku, na chakula ndicho kinachokula faida ya mradi wowote wa kuku. Afisa akawaonyesha jinsi ya kukokotoa kwa wiki, kuanzia kifaranga hadi kuuzwa. Wataleta tena.

Usiku ni wa karatasi. Naandika taarifa ya kata kwa ajili ya siku ya kwanza ya Baraza, ambapo kila diwani anasoma ya kwake. Nimeweka mambo manne tu, maana taarifa ndefu haisikilizwi: bati, kwa idadi na tarehe, kipande cha barabara, kwa vipimo, madarasa mawili, yaingizwe kwenye maandalizi ya Oktoba, na ombi kwamba kila kamati ya mapokezi katika halmashauri ipewe mikromita na mafunzo ya siku moja kabla ya kupokea vifaa.

Simu bado zinaingia. Ya mwisho ni ya mtendaji wa kijiji: mkutano mkuu wa kijiji ni Jumamosi saa 4. Tumekubaliana ajenda ya kwanza iwe mapato na matumizi ya zahanati, na nakala ya LPO na ya hati ya mzigo zibandikwe kesho kwenye ubao wa ofisi, ili mtu aje mkutanoni ameshasoma na ajue anauliza nini.