Nilivyomweka hai gayogayo wa Sabaki kwa siku 19

Swali lilitoka nyuma ya darasa. Nilikuwa nimemleta gayogayo kutoka sokoni Malindi, nimemlaza juu ya gazeti, na msichana mmoja akauliza: "Mwalimu, ni kweli huyu ni nusu ya samaki?" Kwao amesimuliwa kisa cha samaki Musa, kwamba bahari ilipopasuka kwa fimbo ya Nabii Musa, samaki aliyekuwa katikati aligawanyika vipande viwili na kila kipande kikaogelea zake. Nikamgeuza, nikawaonyesha upande wa chini, mweupe, usio na jicho. Nikawaambia ni samaki mzima, ila akikua hulala ubavu. Hawakuridhika, na sikuwalaumu. Maiti haionyeshi namna mwenyewe alivyokuwa akiishi. Nikaazimia kumleta aliye hai.

Shule yetu iko kaskazini mwa mji, si mbali na mlango wa mto Sabaki. Ndio mto ule ule ambao huko juu huitwa Athi, kisha Galana, na ukifika kwetu ni Sabaki. Wakati wa masika hushuka na udongo mwekundu hadi bahari ya Malindi ikageuka rangi ya matofali. Pale mlangoni maji si ya bahari wala si ya mto. Yakijaa, chumvi hupanda hadi kwenye mikoko ya michu. Yakipwa, maji matamu huteremka. Gayogayo wadogo hukulia mahali kama hapa, kwenye mchanga na tope la maji haba, na wakishakuwa wakubwa huelekea kwenye kina.

Ami yangu ni mvuvi. Alinitolea wawili kwa kimia, kila mmoja mkubwa kama kiganja cha mtoto. Niliwatia kwenye beseni jipya, maji ya bomba, chumvi ya jikoni, na chini nikaacha patupu ili wanafunzi wawaone vizuri. Asubuhi wote wawili walikuwa wamekufa. Niliumia sana, maana viumbe wale hawakuwa na kosa. Maji ya bomba yana klorini, na klorini huunguza matamvua. Mwalimu wa baiolojia nilipaswa kulijua hilo kabla, si baada.

Mara ya pili nilichota maji mlangoni kwenyewe, madumu manne. Ili nijue chumvi yake nilitengeneza kipimo: kichupa cha dawa chenye mchanga kidogo ndani, mrija mwembamba umepita kwenye kizibo, nta imeziba kila upenyo. Nikakitia kwenye maji ya mvua, kikazama sana, nikatia alama. Kwenye maji ya bahari kikaelea juu zaidi, nikatia alama ya pili, upana wa kidole hivi kutoka ile ya kwanza. Maji ya mlangoni yaliangukia kati ya alama hizo, leo juu, kesho chini.

Nilikaza macho kwenye chumvi kwa sababu ndiyo kazi kubwa ya mwili wa samaki huyu. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi kwa lita, na damu ya samaki wa mifupa ina kama theluthi ya hapo. Akiwa baharini mwili hupoteza maji, kwa hiyo hunywa na kuitoa chumvi kwa matamvua. Akiwa kwenye maji matamu, maji humwingia mwilini na lazima akojoe sana. Wa mlangoni huyapata yote mawili kati ya kujaa na kupwa.

Basi maji yalikuwa sawa, pampu ndogo ya hewa inatoa povu, na bado gayogayo mpya hakutulia. Alizunguka ukingoni mwa beseni siku mbili, uduvi niliompa hakuugusa, na upande wake mweupe ukaanza kuwa na wekundu. Nikamwita ami. Alichungulia, akanyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, maji umempa. Kitanda je?"

Jioni ile tulikwenda wote kuchukua mchanga palepale alipovuliwa. Nikauchekecha kwa chekeche la unga kuondoa vipande vya makombe, nikautandaza unene wa vidole vitatu, nikangoja vumbi litue. Nilipomrudisha alishuka moja kwa moja hadi chini. Akatikisa mwili wote, kuanzia kichwani hadi mkiani, kama mtu anayekung'uta mkeka, mchanga ukaruka ukamwangukia mgongoni. Haikuchukua hata sekunde tatu. Nikawa naona macho mawili tu, kama punje za pilipili manga. Nilikaa pale hadi adhana ya Isha. Asubuhi uduvi wote ulikuwa umekwisha.

Ndipo nilipomtazama vizuri. Macho yote kushoto, mstari wa ubavuni umepinda kama upinde juu ya pezi la kifuani, na pale upinde unaponyooka pana doa jeusi. Jina lake la kisayansi ni *Pseudorhombus arsius*. Nilikuwa nikibadilisha theluthi ya maji kila baada ya siku mbili, na uduvi nikimpa ukiwa hai.

Siku ya darasa nilimhamishia kwenye bakuli la kioo kwa dakika chache, nikaliinua juu ya vichwa vyao. Kwa chini, upande ule mweupe, waliliona shavu la pili likifunguka na kufunga, likipumua kama la juu. Yule msichana akasema polepole, "Basi ni mzima." Hapo nikawaeleza kwamba akianguliwa huwa na jicho kila upande na huogelea wima kama samaki wengine, kisha jicho moja huhama, mifupa ya kichwa ikajipinda, naye akalala. Yuko hata mmoja katika Bahari ya Hindi, *Psettodes erumei*, ambaye jicho lake linalohama hukomea ukingoni mwa kichwa. Kengele ililia na hakuna aliyesimama.

Siku ya 19 tulimrudisha, wanafunzi sita, ami na mimi, maji yakianza kujaa. Ami alinionya tusikaribie upande wa matete, viboko hulala huko. Nikaliinamisha beseni kwenye maji ya kifundoni. Gayogayo akateleza, akaenda hatua mbili, akajikung'uta. Tulitafuta macho yake kwenye mchanga ule mwekundu. Msichana yule akanyoosha kidole, "Yule pale, mwalimu," lakini mimi sikumwona tena.