Mahubiri ya Bill Cosby

Wapo wazee wetu hapa Philadelphia ambao mpaka leo ukimtaja Bill Cosby, yule mchekeshaji aliyetuhumiwa kuwadhalilisha wanawake, watakwambia alionewa kwa sababu ya rangi yake. Nawaelewa. Wengi tulimjua tukiwa bado nyumbani, kwenye tamthilia ya The Cosby Show, kwa kanda za video za kuazimana: baba daktari, mama mwanasheria, watoto wenye adabu, na wote weusi. Huku ughaibuni tamthilia ile ikageuka wosia: soma, vaa vizuri, polisi hawatakugusa.

Mwenyewe alikuja kulisema hadharani. Mei 2004, mjini Washington, kwenye hafla ya miaka 50 ya hukumu iliyoharamisha ubaguzi mashuleni, aliwasuta weusi maskini. Akasema: mtu anapigwa risasi ya kisogo kwa kipande cha keki, nyinyi mnawalaumu polisi. Keki ile aliishikia nini? Akayabeza na majina yao, Mohammed likiwemo. Watu wakacheka, wakapiga makofi. Mohammed! Mtaani kwetu Mombasa ukiliita jina hilo wanageuka watu watano.

Na huu ndio mji aliozaliwa. Mei 1985, tamthilia yake ikitamba, polisi wa hapa walidondosha bomu kutoka kwenye helikopta juu ya nyumba ya MOVE, kundi la wanaharakati weusi, mtaa wa Osage. Walikufa watu 11, watano kati yao watoto, na moto ukaachwa uteketeze nyumba 61. Majirani wale walikuwa watu wa kazi na adabu zao.

Mwanangu alipopata leseni nilimkalisha kwenye gari, injini imezimwa. Ukisimamishwa na polisi, mikono juu ya usukani. Usifungue dashibodi kabla hujamwambia askari unatafuta nini. Ni kijana anayesoma na kuvaa vizuri, na bado ilibidi nimfundishe.

Mwaka 2015 jaji Eduardo Robreno aliuweka wazi ushahidi wa kiapo ambamo Cosby alikiri kutafuta vidonge vya kulevya ili awape wanawake aliotaka kulala nao. Sababu mojawapo ya jaji ilikuwa mahubiri yale yale: aliyejifanya mwalimu wa maadili ya umma hawezi kudai faragha kama mtu wa kawaida. Akatiwa hatiani 2018 kwa kumdhalilisha kingono Andrea Constand, mmoja wa wanawake waliomtuhumu. Mahakama ya Juu Kabisa ya Pennsylvania ilipoifuta hukumu hiyo 2021, ilishika ahadi ya mwendesha mashtaka wa zamani kwamba hatashtakiwa, haikusema hakutenda.

Wanawake zaidi ya 50 wamemtuhumu. Beverly Johnson, mwanamitindo aliyesimulia yake 2014, ni mweusi kama sisi. Wazee wangu, yeye naye mnamwambia alisema kwa chuki ya rangi?